Shambani na Nyumbani: Ua wa Vifaranga na Njia za Adui

Mfugaji apotezaye vifaranga hulaumu ugonjwa kwanza, na mwizi baadaye. Lawama hiyo ya kwanza ina haki yake, maana kideri kikiingia kijijini hakibagui boma. Lakini wako vifaranga wengi wapoteao ambao hawakuugua hata siku moja. Walilelewa kwa joto la taa au la jiko wiki nne au tano, wakachanjwa, wakalishwa chakula cha kununua, kisha wakatolewa nje wapate jua na majani mabichi. Asubuhi moja mwenyewe akaamka na kukuta miili isiyo na vichwa imelala kando ya wavu. Wavu umesimama, mlango umefungwa, wala hapana tundu la kupita mtu wala mnyama. Hapo ndipo uchawi husingiziwa, au mtoto wa jirani.

Hasara ya namna hiyo si ndogo. Kuku walio wengi nchini Kenya ni wa kienyeji, nao hufugwa kwa makundi madogo nyumbani, na watunzaji wao zaidi ni akina mama. Mitetea sita waliofikia kutaga ni chumvi, sabuni na madaftari ya mtoto. Na pora wawili wanene wakati wa sikukuu ni sehemu ya karo. Kifaranga afaye siku ya pili amemgharimu mwenyewe kidogo, bali yule aliyeliwa katika wiki ya 6 ameondoka na chakula chote alichokula, na chanjo, na mkaa wa kumpasha moto. Kwa ajili hiyo wiki hizi za katikati, tangu ya 5 mpaka ya 12 hivi, wakati mama yao hayuko nao tena au hawakupata kuwa na mama, zinastahili kujengewa ua maalumu.

Kosa lililo katika nyua nyingi ni kwamba zilijengwa kwa kumfikiri kuku, zisijengwe kwa kumfikiri adui yake. Kuku ni mfungwa mpole. Wavu wowote humzuia, hata uliolegea, hata ulioacha nafasi ya vidole vinne chini. Basi mwenye kujenga hutazama urefu wa ukuta, akaona fahari ukifika kimo cha mtu, na fedha zake zote zikapanda juu. Adui naye huja chini.

Inafaa maadui hao wajulikane mmoja mmoja, maana kila mmoja ana saa yake na njia yake. Wa mchana ni mwewe na kipanga, ambao hushuka kutoka juu. Na katika pwani yupo pia kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, ndege mgeni aliyeletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, akaonekana Mombasa mwaka 1947, na tangu hapo amekuwa msiba wa kila mama mwenye vifaranga kutoka Lungalunga hata Lamu. Nguchiro mwembamba, ambaye wengi humwita kicheche, naye hutembea mchana, hata saa saba jua likiwa utosini, wakati watu wamelala au wako shambani. Tumbili huja akiwa na mikono, jambo ambalo mafundi wa milango husahau. Usiku huja nguchiro mkubwa mwenye mkia mweupe, na fungo, na kanu mwenye madoa ambaye hupanda mti kama paka, na mbwa wazururao, na panya wakubwa. Mwisho wao ni siafu, ambao hakuna wavu duniani uwezao kuwazuia. Habari yao iko mbele.

Sasa ile miili isiyo na vichwa. Wavu wa kuku uliozoeleka madukani, wenye matundu ya pembe sita, hufumwa kwa waya mwembamba, na matundu yake huwa na upana wa inchi 1 au zaidi. Kifaranga wa wiki 5 hulala akijibanza pembeni, ubavu wake umegusa wavu. Kanu akija kunusa upande wa nje, vifaranga hushtuka usingizini, hukimbia huku na huku gizani, na mmoja akapenyeza kichwa tunduni. Kanu hahitaji zaidi ya hapo. Hung'ata kilichotokeza, huvuta kiwezacho kupita, huacha mwili ndani, kisha humngoja wa pili. Hakuvunja kitu wala hakuingia, ndiyo maana asubuhi ua huonekana mzima.

Dawa yake ni wavu wa matundu madogo kuuzunguka ua wote, kutoka ardhini mpaka kimo cha sentimita 45 hivi, yaani futi moja na nusu. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi huuzwa waya wa kuanikia kahawa, ule utandazwao juu ya meza za kukaushia katika viwanda vya kahawa. Matundu yake hayafiki nusu inchi, kwa kuwa yangefika punje zingeanguka. Kichwa cha kifaranga hakipiti, na panya mkubwa hapiti. Iko aina nyembamba na iko aina nene. Anunuaye aushike kwa vidole na kuukunja. Ukikunjika kama karatasi, auache, atafute ulio mzito, hata kama bei yake itamlazimu kufupisha ua. Ua mfupi ulio imara ni afadhali kuliko mrefu wa mashaka.

Jambo la pili ni kuchimba. Mbwa, nguchiro mkubwa na panya wote huweza kupita chini ya wavu uliosimamishwa juu ya udongo, na mbwa mwenye njaa humaliza kazi hiyo kwa muda mfupi. Zamani shauri lililotolewa lilikuwa kuufukia wavu futi moja ardhini. Shauri hilo si baya, ila ni kazi nzito mahali penye mawe, na tena wavu uliofukiwa huliwa na kutu upesi pasipo mtu kuona. Iko njia iliyo nyepesi zaidi, nayo yategemea tabia ya mnyama mwenyewe. Mnyama achimbaye huja mpaka miguu yake ya mbele iguse ukuta, ndipo aanze kuchimba pale pale. Hana hesabu ya kurudi nyuma hatua moja na kuanzia mbali. Kwa hiyo wavu ukilazwa juu ya ardhi upande wa nje, upana wa sentimita 45 kutoka ukutani, kila atakapoweka kucha atakuta waya. Hukwaruza, huhamia pembe ya pili, hukwaruza tena, hatimaye huenda zake.

Kazi hizi mbili, ya ukanda wa chini na ya mkeka wa nje, hutimizwa na kipande kimoja tu. Waya wa kahawa wenye upana wa sentimita 90 hukunjwa katikati kwa urefu wake wote, juu ya ubao ulionyooka, mpaka ufanye pembe mraba. Nusu moja husimama ikapigiliwa kwenye nguzo, nusu ya pili hulala chini ikielekea nje. Sehemu ilalayo hufungwa ardhini kwa vijiti vilivyochongwa au vipande vya waya mnene vilivyopindwa, kisha huwekewa mawe juu. Baada ya mvua moja majani huota yakipenya katika matundu, na mizizi yake huushika mkeka ule kuliko msumari wowote. Akataye nyasi kwa fyekeo akumbushwe kwamba pana waya.

Pembeni ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wavu uliokunjwa ukifika kwenye pembe ya ua, nusu ya chini yapasa kukatwa ili iweze kugeuka, na ikigeuka huacha mraba mtupu wa udongo mbele ya nguzo. Mraba huo ndio mlango wa panya. Lazima kila pembe iwekewe kiraka kinachopanda juu ya pande zote mbili, kishonwe kwa waya laini wa kufungia.

Vipimo vifuatavyo vyatosha vifaranga 15 mpaka wafikapo wiki ya 12: urefu mita 5, upana mita 1 na sentimita 60, kimo sentimita 90. Kila mmoja hupata zaidi ya nusu ya mita mraba. Upana huo haukuchaguliwa ovyo. Wavu wa kuku wa upana wa sentimita 90 ukiwekwa mistari miwili juu ya ua, mmoja ukapanda juu ya mwenzake kwa sentimita 10, hufunika mita 1 na sentimita 70, ikabaki inayotosha kupigiliwa kila upande. Ua ukipanuliwa kwa nusu futi tu, mwenyewe atanunua mstari wa tatu kwa ajili ya ufa. Mzunguko wa ua ni mita 13 na kidogo. Basi waya wa kahawa utakaohitajika ni mita 16, mita 2 kati ya hizo zikikatwa viraka vinne vya pembe. Wavu wa kuku wa kawaida, wa matundu ya inchi 1, utatumika kuta zote na juu, nao ni mita 21 hivi. Theluthi moja ya ua, upande wa mwisho, haitiwi wavu juu bali mabati, kama itakavyoelezwa.

Huenda msomaji akashangaa kwamba kimo ni sentimita 90 tu, na mtu hawezi kuingia akasimama. Haina haja aingie. Vifaranga hawahitaji anga, na kila futi inayoongezwa juu ni fedha iliyoondolewa chini. Ua wa kusimama mtu ni wa kuku wakubwa.

Nguzo nane zatosha, nne kila upande mrefu, zikishuka ardhini sentimita 45. Nguzo kuukuu za mwerezi, zikipatikana, huwashinda mchwa miaka mingi. Zisipopatikana, mkaratusi uliotiwa dawa kiwandani. Ile desturi ya kupaka nguzo oili chafu ya magari haifai hapa, kwa kuwa vifaranga huoga vumbi penye udongo mkavu chini ya nguzo, na oili hiyo hushikamana na manyoya yao. Wavu upigiliwe upande wa nje wa nguzo, si wa ndani, ili adui akisukuma aukandamize kwenye mti badala ya kuung'oa. Misumari yenye umbo la U ndiyo ifaayo, na isiachane zaidi ya upana wa kiganja. Fito moja ipitishwe katikati ya dari kwa urefu, chini ya mahali mistari miwili inapokutana, isije ikalegea na kufanya bembea ya paka.

Dari hiyo isiachwe kwa kisingizio cha umaskini. Mwewe mmoja akijua mahali penye vifaranga hurudi kila siku kwa saa ile ile, kama mtu aendaye kazini. Na kanu, aliyekatazwa njia ya chini, hupanda nguzo kwa sekunde chache.

Sehemu ile ya theluthi moja hufunikwa kwa mabati yaliyopigiliwa juu ya fremu ya mbao, yenye bawaba, ili iweze kuinuliwa kama kifuniko cha sanduku. Huo ndio mlango pekee wa ua mzima. Kadiri milango inavyopungua, ndivyo hofu inavyopungua. Kifuniko kifungwe kwa komeo mbili na kufuli. Komeo la kusukuma tu tumbili hulifungua, na kufuli ni kwa ajili ya mwizi wa miguu miwili. Chini ya kifuniko hicho ndipo kivuli kilipo, na chakula, na maji, na kibanda cha kulala. Pwani, mahali pa mabati yafaa makuti juu ya wavu, kwa sababu bati la saa nane mchana huko Kilifi laweza kuwaua kwa joto wale ambao nguchiro hakuwapata.

Kibanda ni cha lazima, wala ua ulio imara namna gani hauondoi lazima hiyo. Ua ni wa mchana. Usiku vifaranga wawe ndani ya mbao, mahali wasipoonekana wala kunuswa kwa urahisi. Kijengwe urefu wa mita 1 na sentimita 40, upana wa mita 1, juu ya miguu ya sentimita 30, sakafu yake itandikwe maranda makavu. Karibu na paa yake iachwe nafasi ya hewa pande mbili, izibwe kwa mabaki ya waya wa kahawa. Kibanda kisichopumua hutia vifaranga mafua upesi kuliko baridi. Mlango wake ni kibao cha kushusha, chenye kijiti cha kukizuia kisiinuliwe. Katika nchi hii jua huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, basi ni rahisi kumkabidhi mtoto mmoja wa nyumbani kazi hiyo, awahesabu wakiingia na kushusha kibao. Siku mbili tatu za kwanza itampasa kuwashika na kuwaingiza. Baadaye wataingia wenyewe.

Na siafu je? Hao huja zaidi baada ya mvua, katika nyanda za juu hasa, mahali penye kahawa, migomba na udongo wenye unyevu. Huja usiku kwa maelfu, na kifaranga aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Kufuli imlindayo na kanu ndiyo imfungayo mbele ya siafu. Kwa sababu hiyo kibanda kisimame chenyewe ndani ya ua, kisiguse wavu mahali popote, na kile kibao cha kupandia vifaranga kiondolewe kila jioni. Nyakati za siafu kila mguu wa kibanda uwekwe ndani ya kopo lenye maji na povu la sabuni, yatiwe baada ya vifaranga kuingia na yamwagwe asubuhi kabla hawajatoka, wasije wakayanywa. Jivu lililomwagwa kuzunguka ua husaidia likiwa kavu, lakini mvua ikinyesha limekwisha, na mvua ndiyo iwaletayo siafu.

Wako wanaoona yote haya ni taabu, wakatega nyama yenye sumu usiku mmoja. Sumu haichagui. Humwua bundi, ambaye kazi yake ni kula panya, na mbwa wa jirani, na mwisho huweza kufika mdomoni mwa mtoto. Wala haiwamalizi nguchiro. Aliyekufa leo, mwingine huchukua mahali pake kabla ya mwezi kwisha.

Kuhusu mahali pa kujenga, maneno machache. Pawe na mteremko kidogo ili maji yasisimame, pasiwe chini ya mti wenye matawi ambayo kanu aweza kuyatumia kama daraja, na pawe mahali paonekanapo kutoka jikoni. Zaidi ya yote pawe mahali ambapo kuku wakubwa hawakukaa karibuni. Ugonjwa wa kuhara damu, uwapatao zaidi vifaranga wa wiki ya 3 mpaka ya 8, hutokana na vijidudu vilivyomo katika mavi ya kuku, navyo vikipata joto na unyevu huwa tayari kuambukiza kwa muda wa siku mbili tu. Ardhi kavu huvipunguza. Kwa hiyo maji ya kunywa yawekwe juu ya matofali, chini yake changarawe, na kila penye tope paondolewe udongo na kutiwa mwingine. Kifaranga akionekana ameshusha mbawa, manyoya yamemsimama, na mavi yake yana damu, atengwe siku hiyo hiyo, na mganga wa mifugo aulizwe habari ya dawa.

Wakazi wa Nairobi wajue kwamba kaunti ilitunga sheria ya kilimo cha mjini mwaka 2015. Mwenye ua katika kiwanja kidogo aulize ofisi ya kilimo ya kaunti kabla ya kununua waya, na aulize jirani pia.

Vifaranga wasitolewe nje kabla manyoya halisi hayajafunika mgongo na kifua. Pwani hilo huwa katika wiki ya 4. Limuru, Molo au Nyahururu, ambako asubuhi kuna umande wa kuganda vidole, wangoje mpaka ya 6. Siku za kwanza wakae nje saa chache za jua, warudishwe mapema. Kila Jumamosi mtu mmoja auzunguke ua kwa miguu, akiinama, ashike wavu kwa mkono na kuutikisa penye kila nguzo. Popote lipitapo yai la kuku, pahesabiwe kuwa ni mlango wa nguchiro, pafungwe kabla ya jua kuchwa.

Wafikapo wiki ya 12 mitetea na pora hutofautishwa, wakahamishiwa kwa wakubwa, jioni, gizani, ili wakiamka pamoja ugomvi uwe mdogo. Ua hubaki mtupu. Maranda hutupwa katika shimo la samadi, kibanda huoshwa na kuanikwa juani kifuniko kikiwa wazi, na udongo wa juu hupalizwa kwa jembe. Majani yakiisha kuota tena ndani yake, kundi la pili laweza kuingizwa.